Sikio la Malenga na Ulimi wa Mhakiki: Dhidi ya Mkabala wa Ndani juu ya Uhalali wa Imani

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na hasa katika utafiti wa fasihi simulizi, kuna hukumu moja ambayo hutolewa kila siku bila kutajwa na bila kujadiliwa. Hukumu hiyo husema kwamba asiyeweza kueleza sababu za analoliamini, hajui. Malenga akiulizwa kwa nini mshororo fulani una kasoro, naye akajibu kwamba "haukukaa vyema", jibu lake huandikwa daftarini kama ladha, si kama maarifa. Mhakiki akija baadaye akahesabu mizani na kugundua kwamba kipande kimoja kina silabi saba badala ya nane, yeye ndiye huhesabiwa kuwa amejua. La malenga huwa ni data. La mhakiki huwa ni elimu. Ilhali wote wawili wamesema jambo moja, na malenga ndiye aliyetangulia kulisema.

Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo haina msingi. Haikutokana na uchunguzi wa fasihi yenyewe, bali imerithiwa kutoka kwa msimamo mmoja katika nadharia ya maarifa, msimamo ambao wahakiki wengi wanaufuata bila kujua kwamba una wapinzani. Msimamo huo utaitwa hapa mkabala wa ndani. Watetezi wake hushikilia kwamba kinacholeta uhalali wa imani ya mtu ni lazima kiwe kitu anachoweza kukifikia kwa kujitafakari mwenyewe: hoja alizo nazo, ushahidi anaoukumbuka, uhusiano anaouona kati ya imani moja na nyingine. Wapinzani wao, wafuasi wa mkabala wa nje, hushikilia kwamba uhalali waweza kutegemea mambo yasiyoonekana na mwenye kuamini, hususan namna imani yake ilivyopatikana, na iwapo njia hiyo kwa kawaida huwafikisha watu kwenye ukweli. Neno "imani" halitumiki hapa kwa maana ya dini. Lina maana ya lolote ambalo mtu analishika kuwa ni kweli, liwe kubwa au dogo.

Yamkini msomaji atauliza mjadala huu wa wanafalsafa una faida gani kwa mhakiki. Faida yake ni hii: anayeamua kipimo cha uhalali ndiye anayeamua nani ataitwa mjuzi na nani ataitwa msaidizi wa utafiti.

2. Asili ya Mvutano

Mvutano huu ni mkongwe kuliko majina yake. Katika majadiliano yaitwayo Meno, Plato anamfanya Socrates aulize tofauti iliyopo kati ya mtu aijuaye njia ya kwenda Larissa na mtu aidhaniaye sawasawa bila kuijua. Wote wawili watafika. Jibu la Socrates ni kwamba dhana za kweli ni kama sanamu za Daedalus, ambazo hutoroka zisipofungwa, na kifungo chake ni kufikiri sababu. Kwa muda mrefu kifungo hicho kilichukuliwa kuwa hoja iliyomo kichwani mwa ajuaye, na maarifa yakafasiliwa kuwa ni imani ya kweli iliyo na uhalali.

Mwaka 1963 Edmund Gettier, katika makala ya kurasa tatu tu, aliitikisa fasili hiyo. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa uwanja wa fasihi. Mwanafunzi anasoma nakala ya utendi mkongwe, na mwishoni mwake anakuta jina la mji wa Pate. Anaamini kwamba utendi huo ulitungwa Pate. Ana hoja njema, kwa kuwa wanakili wengi huandika mambo kama hayo kwa uaminifu. Na kwa hakika utendi ulitungwa Pate. Lakini ikadiriwe kwamba mnakili huyu hakujua lolote juu ya asili ya utendi, na jina la Pate aliliandika kwa kubahatisha. Imani ya mwanafunzi ni ya kweli na hoja yake haina doa, lakini hakuna atakayesema kwamba anajua. Amebahatika tu. Na kasoro yenyewe haimo kichwani mwake. Imo katika mnyororo uliokatika baina ya tukio la utunzi na karatasi aliyoishika, mnyororo ambao asingeweza kuuona hata akijitafakari mwaka mzima.

Ndipo baadhi ya wanafalsafa wakaanza kutazama nje. Alvin Goldman alipendekeza mwaka 1967 kwamba ajuaye ni yule ambaye imani yake imesababishwa ipasavyo na jambo lenyewe linaloaminiwa. D. M. Armstrong, mwaka 1973, alimfananisha ajuaye na kipimajoto kizuri: kipimajoto hakina hoja, lakini kisomo chake hufuata joto lilivyo. Mwaka 1979 Goldman aliendelea mbele na kusema kwamba imani hupata uhalali kutokana na kutegemeka kwa mchakato unaoizaa. Upande wa pili, Roderick Chisholm na Laurence BonJour walisisitiza kwamba mtu mwenye akili ana wajibu wa kutoshika jambo asilokuwa na sababu nalo, na kwamba wajibu hauwezi kutimizwa kwa mambo ambayo mwenye wajibu hayafahamu.

Ni lazima hapa kutenganisha madai mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mfano wa mnakili unathibitisha kwamba hoja ya ndani haitoshi. Hauthibitishi kwamba hoja hiyo haihitajiki. Dai la pili lahitaji ushahidi wake, na ushahidi huo, kwa mintarafu ya fasihi ya Kiswahili, umo katika sikio la malenga. Kabla ya kufika huko, inafaa kuonyesha jinsi mkabala wa ndani ulivyoingia katika taaluma hapa Kenya.

3. Kipimo cha Oruka na Matumizi Yake Mabaya

Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, aliianzisha katika miaka ya 1970 kazi ya kuwahoji wazee wenye hekima, na matokeo yake yalikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Kazi hiyo ilikuwa na shabaha adhimu. Kulikuwa na waliosema kwamba Mwafrika hana falsafa mpaka asome vitabu vya Ulaya. Na kulikuwa na wengine waliosema kwamba falsafa yake ni mkusanyiko wa itikadi za jamii nzima, isiyo na mwenyewe. Oruka aliwajibu wote kwa kuwaonyesha watu halisi, wenye majina, kama vile Paul Mbuya Akoko, ambao walifikiri kwa nafsi zao na kuzikosoa mila zao wenyewe.

Katika kufanya hivyo, Oruka aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili. Wa kwanza ni mwenye hekima wa kimapokeo, ambaye anayajua vizuri mawazo ya jamii yake lakini hawezi kuyavuka. Oruka alimweka hapo hata Ogotemmeli, mzee wa Kidogoni aliyezungumza na Marcel Griaule. Wa pili ni mwenye hekima wa kifalsafa, ambaye akibanwa kwa maswali hutoa sababu zake na kuzitetea. Mbano wa maswali ndio kipimo.

Watetezi wa Oruka watasema, na watakuwa na haki, kwamba yeye alikuwa akitafuta mwanafalsafa, si mjuzi. Hakudai kwamba mwenye hekima wa kimapokeo hajui chochote. Falsafa ni shughuli ya kutoa hoja. Asiyetoa hoja hafanyi falsafa, kama vile asiyeimba si mwimbaji hata akiwa na sauti njema. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza pale ambapo mpaka uliochorwa kwa ajili ya falsafa unapohamishwa na kufanywa mpaka wa maarifa. Uhamisho huo umefanywa, si na Oruka, bali na watafiti wa fasihi walioazima kipimo chake bila kuazima shabaha yake. Katika kazi za namna hiyo, mtambaji, manju au malenga huulizwa maswali kwa muda wa saa moja, mbele ya kinasa sauti, na mtu mgeni. Akijibu "ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya", huandikwa kwamba anarudia mapokeo bila kuyaelewa.

Kipimo hiki kinapima nini hasa? Kinapima uwezo wa kujibu maswali ya aina ambayo hulelewa madarasani. Mahojiano mengi ya miradi ya namna hii yalifanywa kwa lugha za wenyeji kisha yakachapishwa kwa Kiingereza, na kila hatua ya safari hiyo humpendelea yule ambaye maarifa yake yako tayari katika umbo la sentensi na hoja. Yule ambaye maarifa yake yamo katika mkono, katika jicho au katika sikio, huonekana mtupu. Utupu huo ni wa kipimo. Kibaba hakifai kupimia urefu wa nguo, na mshonaji asiyepata jibu kutoka kwa kibaba hana haki ya kusema kwamba nguo haina urefu.

4. Sikio la Malenga

Mtu aliyelelewa katika mabaraza ya ushairi husikia guni kabla hajahesabu. Mshororo ukipungua mizani moja, au kina kikikosewa, hushtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akiulizwa sababu, huenda akahesabu kwa vidole na kuieleza. Huenda pia asiweze, hasa kama kasoro haimo katika idadi bali katika mahali pa kituo au katika mkazo wa neno. Swali ni hili: katika dakika ile aliposhtuka, kabla ya kuhesabu, je, alijua?

Mfuasi wa mkabala wa ndani hana budi kujibu kwamba hakujua. Alikuwa na hisia tu, na hisia hiyo iligeuka kuwa maarifa pale sababu ilipopatikana. Jibu hilo linaleta matokeo matatu ambayo hayawezi kukubalika.

Tokeo la kwanza ni la kihistoria. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi kilichoziweka sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Muyaka bin Haji alikwisha kufariki Mombasa zaidi ya karne moja kabla yake, na utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Haina maana kwamba watunzi hao hawakuwa na istilahi za fani yao, walikuwa nazo. Lakini maamuzi yao ya kila mshororo hayakungoja sheria zilizoandikwa. Kusema kwamba uhalali wa maamuzi hayo ulitegemea maelezo ambayo huenda hawakuwahi kuyatoa ni kuwanyima ujuzi watu ambao ushairi wote wa baadaye umepimwa kwa kazi zao.

Tokeo la pili ni la kimantiki, na ndilo zito zaidi. Sheria za mizani na vina hazikuteremka kutoka mbinguni. Zilipatikana kwa kuchunguza tungo ambazo masikio ya wajuzi yalikwisha kuzikubali, na kuzitenga zile ambazo masikio hayo yalizikataa. Kama hukumu za masikio hayo hazikuwa na uhalali, basi sheria zilizojengwa juu yake hazina uhalali pia, kwa kuwa nyumba haiwezi kuwa imara kuliko msingi wake. Mhakiki anayemnyima malenga ujuzi kwa sababu hakutaja sheria, kisha akaitaja sheria hiyo kama hoja yake mwenyewe, ametoboa mtumbwi ambao naye yumo.

Tokeo la tatu ni la idara zenyewe. Katika darasa la isimu, mzawa wa lugha akisema kwamba "kitabu changu" ni sawa na kwamba "kitabu yangu" si sawa, kauli yake huchukuliwa kuwa ushahidi wa kwanza. Hakuna anayemtaka mtoto wa Lamu aeleze mfumo wa ngeli ndipo aaminiwe. Nadharia ya mwanaisimu ndiyo hupimwa kwa kauli ya mtoto, wala si kauli ya mtoto kwa nadharia. Katika darasa la fasihi, chini ya paa lile lile, mtu mzima aliyetunga kwa miaka arubaini huambiwa alete sababu. Tofauti hiyo haijawahi kutetewa na yeyote. Imezoeleka tu.

Mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970, baada ya kazi kama Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), ungeweza kuwa nafasi ya kulijadili jambo hili. Haikuwa hivyo. Wanamapokeo wengi waliegemea sheria. Wanamabadiliko wakadai waonyeshwe sababu za sheria hizo. Kila upande ulijadili kana kwamba uhalali wa hukumu ya kishairi ni lazima ukae katika maneno yanayoweza kutajwa. Sikio, ambalo ndilo lililokuwa shahidi mkuu, halikuitwa kutoa ushahidi. Wanamapokeo wangeweza kusema kwamba hukumu ya sikio lililofunzwa ni maarifa hata kabla ya sheria. Wanamabadiliko nao wangeweza kujibu kwamba masikio hufunzwa, na kwamba sikio lililofunzwa kwa tungo za namna moja halijathibitika kuwa hakimu wa tungo za namna nyingine. Huo ungekuwa mjadala wenye kuzaa, kwani ungehusu mipaka ya kutegemeka kwa sikio, jambo linaloweza kuchunguzwa.

Yasemwayo juu ya sikio yasemwa pia juu ya jicho la fundi wa majahazi. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) aliyahifadhi maneno ya ufundi huo katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979. Msomaji wa kazi hiyo hushangaa kwa wingi wa istilahi. Lakini istilahi zilihifadhiwa kwa sababu kulikuwa na ufundi wa kuhifadhiwa, na chombo kilikwisha kuelea kabla ya jina la kila taruma kuandikwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Hawakusema vimeelezwa.

5. Pingamizi la Mpiga Ramli

Pingamizi kubwa dhidi ya mkabala wa nje lilitolewa na BonJour mwaka 1980. Alimbuni mtu aitwaye Norman, ambaye ana kipawa cha kuyaona yaliyo mbali. Kipawa hicho kinategemeka kabisa, lakini Norman hana ushahidi wowote kwamba anacho wala kwamba kinawezekana. Siku moja anaamini ghafla kwamba Rais yuko New York, na ni kweli yuko. BonJour anauliza: je, ni busara kwa Norman kuamini hivyo? Anajibu kwamba si busara, na kwamba mkabala wa nje, kwa kuhesabu imani hiyo kuwa na uhalali, unamfungulia mlango kila mwenye kudai maono.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki pingamizi hili halihitaji Norman. Linamhusu mpiga ramli. Ikiwa malenga anahesabiwa kuwa anajua bila ya kutoa hoja, kwa nini mpiga ramli naye asihesabiwe? Pingamizi hili linastahili majibu mawili.

Kwanza, malenga si Norman. Norman amebuniwa makusudi akiwa hana historia: hakufunzwa, hakuwahi kukosea akasahihishwa, hana wenzake wa kumpima. Malenga hana budi kuwa na hayo yote. Sikio lake limefinyangwa barazani, mbele ya wajuzi waliomcheka alipokosea na kumjibu kwa beti alipopatia. Yeye mwenyewe huenda asiikumbuke hata moja kati ya sahihisho hizo, na ndiyo maana mkabala wa ndani haumfai. Lakini sahihisho hizo zilitokea. Ni mambo ya nje, yanayoweza kuchunguzwa na mtu wa tatu. Uhalali wa sikio lake haukutokana na muujiza, umetokana na malezi.

Pili, na hapa pingamizi linamgeukia mwenye kulitoa, mkabala wa ndani haumzuii mpiga ramli hata kidogo. Mpiga ramli hodari ana hoja nyingi. Ana nyota zake, ana hesabu zake, ana maelezo ya kila utabiri ulioshindikana: mteja alichelewa, masharti hayakutimizwa, hasidi alikuwa na nguvu zaidi. Imani zake zinashikana na kusaidiana. Akijitafakari, haoni mgongano. Mbano wa maswali hautamshinda, kwa kuwa kujibu maswali ndiyo kazi yake. Kinachomshinda ni hesabu ya nje: ni mara ngapi alisema na ikawa, ni mara ngapi alisema na isiwe. Anayetaka kujikinga na ulaghai hana ngao katika ufasaha wa maelezo, kwani ufasaha ndio silaha ya mlaghai.

Kuna pingamizi la pili, lililotolewa na Stewart Cohen na Keith Lehrer mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ikadiriwe kwamba shetani mwenye nguvu anamdanganya mtu katika kila anachokiona, hivi kwamba hisi zake hazitegemeki hata kidogo, ingawa kwake yeye mambo yote yanaonekana kama yanavyoonekana kwa mtu mwingine yeyote. Je, mtu huyo hana uhalali katika imani zake? Wengi huona ugumu wa kumhukumu. Ugumu huo ni wa kweli, lakini unatokana na kuchanganya lawama na uhalali. Aliyedanganywa hana lawama. Amefanya kila alichoweza. Mwanafunzi aliyesoma nakala ya mnakili mzembe naye hana lawama. Hata hivyo, kutokuwa na lawama hakumfanyi awe katika nafasi ya kujua. William Alston alisaidia kulifafanua jambo hili alipotenganisha hali ya kuwa na uhalali na kitendo cha kuuonyesha. Mtu huweza kuwa na haki ya shamba bila kuweza kusimama mahakamani na kuitetea. Na mwingine huweza kuitetea kwa ufasaha haki asiyokuwa nayo. Mkabala wa ndani umekifanya kitendo kuwa sharti la hali.

6. Funzo la Isnadi

Huenda ikadhaniwa kwamba mkabala wa nje ni kitu cha Chuo Kikuu fulani cha Marekani, na kwamba kuutetea hapa ni kubadilisha mkoloni mmoja kwa mwingine. Sivyo. Pwani ya Afrika Mashariki imeishi kwa karne nyingi na taaluma inayotumia vipimo vya nje kwa ukali usio na kifani, nayo ni taaluma ya Hadithi.

Katika taaluma hiyo, habari haipimwi kwa uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa imepokewa kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, mpaka chanzo. Huulizwa iwapo kila mpokezi alikuwa mwadilifu na mwenye kudhibiti aliyoyasikia, na iwapo mnyororo umeungana bila pengo. Waumini walio wengi hawayajui majina ya wapokezi hao. Uhalali wa imani yao juu ya habari iliyo sahihi haukai vichwani mwao. Unakaa katika mnyororo, na wanazuoni ndio walinzi wake. Mfano wa mnakili wa Pate usingewashangaza wanazuoni hao. Wangesema tu kwamba isnadi imekatika.

Isitoshe, wataalamu wa misingi ya sheria ya Kiislamu walijadiliana juu ya habari iliyopokewa na watu wengi kiasi cha kutowezekana kula njama, yaani mutawatiri. Walio wengi walisema kwamba yakini inayopatikana kwa habari hiyo humjia msikiaji moja kwa moja, bila ya yeye kupanga hoja. Wachache, akiwemo al-Kaabi, walisema kwamba yakini hiyo hupatikana kwa kufikiri na kutoa hoja. Anayeusoma mjadala huo leo anaona kwamba swali lililowagawa Goldman na BonJour lilikuwa na jamaa yake wa karibu karne nyingi kabla yao.

Muhimu zaidi, taaluma hii inavunja shaka kwamba kipimo cha nje ni kipimo legevu. Habari za mpokezi mmoja mmoja, hata zikiwa sahihi, wengi wa wanazuoni hao walizihesabu kuwa zinaleta dhana yenye nguvu, si yakini. Kuna ngazi, kuna kukataa, kuna majina ya wapokezi waliotiwa dosari. Kutazama nje si kuamini kila lisemwalo.

7. Methali Mbili

Wahakiki wanaopenda kuthibitisha tabia ya "fikra ya Kiafrika" kwa methali wamelifanya jambo hili kuwa gumu bila sababu. Mmoja huleta "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" na kusema kwamba Mswahili hutegemea mamlaka. Mwingine huleta "akili za kuambiwa changanya na zako" na kusema kwamba Mswahili hudai hoja ya nafsi yake. Kisha hubishana ni methali ipi iliyo ya asili zaidi.

Methali hizi hazipingani, kwa kuwa zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inahusu hali ya msikilizaji asiyejua mbele ya chanzo kinachotegemeka: guu likivunjika, lavunjika kwa sababu mkuu alikuwa sahihi, si kwa sababu alikuwa mkuu. Ya pili inahusu wajibu wa mtu anayetaka kulifanya jambo kuwa lake na kulitetea mbele ya wengine. Ya kwanza ni ya uhalali. Ya pili ni ya uthibitishaji. Kiswahili kimevitenga vitu ambavyo mkabala wa ndani umevifunga pamoja.

Uangalifu wa namna hii ulionyeshwa na Barry Hallen na J. O. Sodipo katika kitabu chao cha mwaka 1986 kuhusu lugha ya Kiyoruba. Walionyesha kwamba neno la Kiyoruba linalofasiriwa kama "kujua" hutumika kwa yale ambayo mtu ameyashuhudia mwenyewe, na linalofasiriwa kama "kuamini" hukusanya yale aliyoyapokea kwa wengine, hata yale ambayo Mwingereza angeyaita maarifa bila kusita. Mpaka huo ni mkali. Lakini unahusu njia ambayo imani ilipitia, jicho au sikio, wala hauhusu ufasaha wa mwenye imani katika kuitolea sababu. Uchunguzi kama huo kuhusu kujua, kufahamu, kutambua, kudhani, kuamini na kuyakinia katika Kiswahili ungeifaa taaluma kuliko orodha nyingine ya methali.

8. Hitimisho

Inafaa kukiri hatari iliyopo. Mkabala wa nje, mikononi mwa mwenye madaraka, waweza kuwa kisingizio: "Niaminini, njia yangu ni ya kutegemeka." Penye mamlaka ya mtu juu ya mtu, raia ana haki ya kudai hoja, na haki hiyo haiondolewi na lolote lililosemwa hapa. Lakini kutegemeka si jambo la kutangazwa na mwenye kujidai. Ni jambo la kuhesabiwa na wengine. Mkuu anayekataa kuhesabiwa hajautumia mkabala wa nje. Ameukimbia.

Kwa utafiti wa fasihi, yaliyosemwa yanadai mabadiliko ya utaratibu. Mtafiti anayemwendea malenga, mtambaji au fundi asiridhike na swali la "kwa nini". Aulize pia alifunzwa na nani, alisahihishwa wapi, wenzake humpeleka kwake nani mwenye shaka, na ni lini hukumu yake ilishindwa. Arudi zaidi ya mara moja. Aiweke hukumu ya sikio mbele ya masikio mengine yaliyolelewa mbali naye na kuona kama yataafikiana. Huo ni ushahidi, tena ushahidi mgumu kuupata kuliko sentensi ya kifalsafa iliyonaswa kwa saa moja. Na katika tasnifu, jina la mtu huyo liandikwe penye mjadala, kama mjuzi anayeweza kukubaliwa au kupingwa, wala lisifichwe katika kiambatisho miongoni mwa "watoa habari".

Mhakiki hatapungukiwa na kitu. Kazi ya kutafuta sababu inabaki kuwa yake, na ni kazi ya heshima. Anachotakiwa kukiacha ni dai kwamba kabla hajafika na sababu zake, hapakuwa na aliyejua.